Tusihesabu Miche Peke Yake

Kila mwaka mvua zinapoanza, viongozi wa ngazi zote hushika majembe na kupanda miti. Hili ni jambo jema, na hakuna mwananchi mwenye nia njema atakayelipinga. Halmashauri zimeagizwa kupanda miti isiyopungua 1,500,000 kila moja kwa mwaka, na taarifa za utekelezaji hupelekwa mkoani na wizarani zikiwa na idadi ya miche iliyooteshwa, iliyogawiwa na iliyopandwa. Lakini ziko hesabu mbili ambazo ni nadra kuzikuta katika taarifa hizo. Ya kwanza ni idadi ya miche iliyo hai miaka mitatu baada ya sherehe za upandaji. Ya pili, ambayo ndiyo shabaha ya maoni yetu ya leo, ni eneo la ardhi ambalo visiki vyake vimelindwa vikachipua na kuwa msitu tena.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Visiki hai vilivyomo katika ardhi ya vijiji vyetu ni mali, tena mali kubwa, lakini havimo katika daftari. Na kwa kuwa havimo katika daftari, havimo pia katika bajeti. Kwa maoni yetu, hilo ni kosa ambalo Taifa halina budi kulisahihisha.

Hebu tuanze na hesabu ambayo mwalimu yeyote wa shule ya msingi anaweza kuiandika ubaoni. Mwaka 2018 nchi yetu iliahidi mbele ya mataifa mengine ya Afrika kwamba ifikapo mwaka 2030 itakuwa imerudisha uoto katika hekta 5,200,000 za ardhi iliyochakaa. Mtu akipanda miti kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, hekta moja huchukua miche 1,111. Kwa hiyo hekta hizo zote zitahitaji miche inayokaribia bilioni 5.8. Halmashauri za Tanzania Bara ni 184. Kila moja ikitimiza agizo la miche 1,500,000 bila kupungukiwa na hata mmoja, jumla yake ni miche 276,000,000 kwa mwaka. Kazi hiyo basi itachukua takriban miaka 21, na hapo tumechukulia kwamba hakuna mche utakaokufa kwa jua, wala kuliwa na mchwa, wala kung'olewa na mbuzi. Wakati huohuo takwimu za Serikali zilionyesha kwamba kati ya mwaka 2002 na 2013 tulikuwa tukipoteza wastani wa hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Ni dhahiri kwamba kwa miche peke yake hatutafika.

Kisiki ni kitu kingine kabisa. Mgunga au mkwaju ukikatwa, mizizi yake haifi. Inabaki chini ya ardhi, imekwenda mbali, na imeshika maji ambayo mche wa juzi hauwezi kuyafikia. Mvua ikinyesha, kisiki hutoa machipukizi mengi. Mkulima akichagua machache yaliyo imara na kuyapunguza mengine, akazuia moto, na akawazuia mbuzi na ng'ombe kwa misimu michache ya mwanzo, atapata mti bila kitalu, bila mifuko ya plastiki, bila maji ya kumwagilia na bila lori la kubebea miche. Ndugu zetu wa Dodoma wanaiita njia hii Kisiki Hai, na jina hilo linatosha kuieleza.

Wala hatuzungumzi habari za kubuni, kwani jambo hili limekwisha kufanyika katika nchi hii na matokeo yake yalionekana. Tangu zamani Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili. Mvua zilipoanza, kaya au ukoo ulitenga sehemu ya malisho na kuifunga. Nyasi zilikua, na miti ikachipua kutoka katika visiki na mizizi. Kiangazi kilipokaza, wakati nyasi za mahali pengine zimekwisha, ngitili ilifunguliwa kwa mpango, kwanza kwa ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia. Hiyo ilikuwa akiba ya chakula cha mifugo, na wakati huohuo ilikuwa akiba ya kuni, fito, nguzo, dawa na nyasi za kuezekea.

Akiba hiyo ilivurugwa kwa sababu nyingi. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka mapori makubwa ili kumwondoa mbung'o. Zao la pamba lilipopanuka lilihitaji mashamba zaidi. Idadi ya watu na mifugo iliongezeka. Ni lazima tuseme pia, bila kificho, kwamba operesheni ya kuhamia vijijini ya miaka ya 1970, pamoja na shabaha yake njema ya kuwafikishia wananchi shule, maji na zahanati, iliwatenga watu wengi na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Aliyehamishwa kilomita kadhaa kutoka katika ngitili yake hakuweza tena kuilinda, na aliyehamia karibu nayo hakuwa na sababu ya kuiheshimu. Chama kisichothubutu kutaja makosa yake hakiwezi kujifunza lolote kutokana nayo.

Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania. Mwalimu Nyerere alizuru mkoa huo mwaka 1984 na kusikitishwa na hali ya ardhi aliyoiona. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, kwa msaada wa fedha kutoka Norway. Katika mwaka huo ngitili zilizojulikana katika mkoa mzima zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu.

Mwanzoni mradi huo nao uliweka mkazo katika vitalu na miche. Baadaye maafisa wake walifanya jambo ambalo watumishi wengi wa umma huona vigumu kulifanya: waliwauliza wazee. Wazee wakawakumbusha habari za ngitili. Tangu hapo kazi kubwa ya Bwana Misitu ikawa kukaa na wanakijiji, kukubaliana mipaka, na kuliachia baraza la kimila la dagashida litoe hukumu kwa anayeingiza ng'ombe wakati usioruhusiwa, huku sungusungu wakifanya ulinzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulikadiria kwamba mazao ya ngitili yalikuwa na thamani ya dola 14 za Kimarekani kwa kila mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8.50. Akina mama waliokuwa wakitembea mwendo mrefu kutafuta kuni walizipata karibu na nyumbani. Haya yote yalipatikana katika ardhi iliyokuwa imekatiwa tamaa.

Mwaka 2004 mradi ulifika mwisho wake, na uzito wa kazi ukabaki kwa halmashauri na vijiji. Hapa ndipo penye tatizo tunalotaka wasomaji wetu walitazame kwa makini. Ngitili hazikufa siku fedha za nje zilipokoma, kwa sababu zilikuwa mali ya wananchi na siyo ya mradi. Lakini ardhi haikuongezeka, watu na mifugo wakaongezeka, na bei ya mkaa mjini ikapanda. Baba anapofariki, ngitili hugawanywa kwa watoto hadi kila kipande kinakuwa kidogo mno kulisha ndama wawili. Nyingine huuzwa, nyingine hulimwa. Ngitili ya kijiji ambayo mipaka yake haikupimwa humegwa kidogo kidogo na majirani, na serikali ya kijiji haina karatasi ya kuonyesha mbele ya baraza la ardhi. Anayepoteza zaidi ni mnyonge. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji 172 wakati wa HASHI ulihesabu ngitili 18,607, lakini za jumuiya zilikuwa 284 tu. Zilizobaki zote zilikuwa za kaya. Tajiri mwenye mifugo mingi anayo ngitili yake, na mjane asiye na ardhi ya kutosha hutegemea ile ya kijiji. Ngitili ya kijiji ikimegwa, mjane huyo hana pengine pa kwenda kutafuta kuni.

Kwa hiyo tunapozungumzia fedha za umma kwa ajili ya kurudisha misitu ya visiki, tunazungumzia pia haki. Soko halitailinda ngitili ya kijiji. Mfadhili naye atakuja na kuondoka. Anayebaki ni Serikali, iwe ya kijiji, ya wilaya au ya Taifa.

Wapo watakaosema kwamba hii ni anasa, na kwamba nchi yenye upungufu wa madawati na dawa haiwezi kutumia fedha kutunza visiki. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Kijiji kisicho na kuni hulipa kwa muda wa akina mama na wa wanafunzi. Kijiji kisicho na malisho hulipa kwa ng'ombe wanaokufa kiangazi. Kijiji kisicho na miti hulipa kwa bwawa linalojaa mchanga, na Serikali hiyohiyo inayokataa kulipia ulinzi wa visiki ndiyo itakayoombwa fedha za kulichimba upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nchi zenye utajiri kuliko yetu zimekwisha kulitambua jambo hili, tena baada ya kuchelewa. Huko Uingereza kuna mti mdogo uitwao hazeli. Kwa karne nyingi wakulima wa huko waliukata karibu na ardhi kila baada ya miaka 7 hadi 10, wakauacha uchipue, na kutumia fito zake kusuka nyua za kondoo na kuta za nyumba zilizokandikwa kwa udongo, kazi ambayo wazee wetu wanaielewa bila mkalimani. Kisiki cha hazeli kinachokatwa kwa utaratibu huishi mamia ya miaka. Katika karne ya 20 waya ulichukua nafasi ya fito, soko likafa, na misitu hiyo ikaachwa. Ilipoachwa haikustawi kama ambavyo mtu angedhani. Miti mikubwa iliitia kivuli, maua na vipepeo vya msituni vikapungua, na visiki vikaanza kuzeeka na kupasuka. Leo Serikali ya huko huwapa wenye misitu ruzuku ili waanze tena kukata kwa zamu, na kuweka uzio dhidi ya swala wanaokula machipukizi.

Maradhi yetu si yaleyale. Msitu wao uliharibika kwa kuachwa bila kukatwa, na wetu unaharibika kwa kukatwa na kulishwa bila kupumzishwa. Lakini tiba ina shina moja: kisiki kinahitaji kalenda na kinahitaji mlinzi. Isitoshe, sisi tuna nafuu kuliko wao. Kwao hakuna tena anayezihitaji fito, na ndiyo sababu Serikali hulipia hata ukataji wenyewe. Kwetu kuni, nguzo na malisho vinahitajika kila siku. Mwananchi wetu hahitaji kulipwa ili aupende msitu. Anahitaji uhakika kwamba alichokitunza hakitanyang'anywa.

Ushahidi mwingine uko Kilosa, mkoani Morogoro. Kuanzia mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo viliingia katika mpango wa kuchoma mkaa kwa utaratibu. Sehemu ya msitu wa kijiji hugawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa mita 50, kitalu kimoja huvunwa na cha jirani huachwa, visiki having'olewi, na kitalu kilichovunwa hupumzishwa kwa miaka 24. Ushuru huingia katika mfuko wa kijiji, na vijiji vimeutumia katika huduma kama vile madarasa na afya. Hivyo hata mkaa, ambao sote tumezoea kuulaumu, unaweza kutoka katika msitu unaoendelea kuishi, mradi kuwe na mipaka, sheria ndogo na mtu wa kusimamia. Vitu hivyo vitatu vina gharama, na gharama hiyo ndiyo tunayoomba iwekwe katika bajeti.

Tunapenda kueleza bayana tunachokitaka, maana maombi yasiyo na vipimo humpa afisa mipango nafasi ya kujibu kwamba yatashughulikiwa.

Kwanza, kila halmashauri iliyo katika maeneo makavu iwe na kifungu chake cha bajeti kwa ajili ya kurudisha uoto wa asili, kikiwa mbali na kile cha vitalu na sherehe za upandaji. Kifungu hicho kigharamie mambo ambayo mwanakijiji hawezi kuyafanya peke yake: kupima mipaka, kuandaa na kupitisha sheria ndogo, kusajili msitu wa kijiji kama Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavyoruhusu, na kumpatia Bwana Misitu pikipiki na mafuta ya kumfikisha vijijini.

Pili, fedha hizo zianzie katika ngitili na misitu ya jumuiya. Mwenye ngitili yake binafsi asaidiwe kwa ushauri na hati ya kimila, lakini fedha za umma zilinde kwanza kile kinachowalisha wasio na kitu.

Tatu, Mfuko wa Misitu ulioanzishwa kwa sheria hiyohiyo utenge fungu linaloonekana kwa ajili ya visiki hai, na malipo yafuate matokeo. Kijiji kilichofunga hekta 40 kikaguliwe baada ya msimu wa kwanza na tena baada ya msimu wa tatu, na fungu la pili litoke iwapo miti imesimama. Kwa njia hiyo fedha hazitaishia katika uzinduzi.

Nne, fomu za taarifa zibadilishwe. Palipo na safu ya miche iliyopandwa, iwekwe safu ya hekta zilizofungwa zikachipua, na nyingine ya miche iliyo hai baada ya miaka mitatu. Hili halina gharama yoyote ila wino. Lakini mtumishi wa umma hufanya kazi anayopimwa nayo, na mkurugenzi anayepimwa kwa miche atatafuta miche.

Inatupasa kujibu hoja moja zaidi, nayo inatoka kwa watu wanaozijua ngitili vizuri. Wanasema ngitili zilistawi kwa sababu zilikuwa za wananchi wenyewe, na fedha za Serikali zikiingia zitaua moyo wa kujitegemea. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwa amri katika maeneo yaliyomomonyoka ya Kondoa. Ardhi ilipona, lakini wafugaji wengi walihamishia mzigo wao mahali pengine. Hatutaki kuona walinzi wa sungusungu wakigeuzwa vibarua wanaosubiri posho, ambao posho ikichelewa wanarudi nyumbani. Ndiyo maana hatupendekezi mwanakijiji alipwe kwa kulinda mali yake. Tunapendekeza Serikali ifanye sehemu yake ili wananchi waweze kufanya yao. Kupima ardhi na kuitetea mbele ya sheria si kazi ya dagashida. Kumhukumu jirani aliyeingiza mbuzi usiku si kazi ya wizara. Kila upande ukishika kazi yake, hakuna utakaomtegemea mwingine kupita kiasi.

Tunamalizia kwa kuwageukia wasomaji wetu ambao jambo hili liko mikononi mwao zaidi kuliko wanavyodhani. Afisa mipango anayeandaa bajeti ya mwaka ujao, Ofisa Mtendaji wa Kata anayejua ni ngitili ipi imemegwa na nani, na Bwana Misitu ambaye amekwisha kuona kwa macho yake mwenyewe tofauti ya kisiki kilicholindwa na kisicholindwa, hawa hawahitaji kusubiri agizo jipya kutoka juu. Sheria ipo tangu mwaka 2002. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika mstari mmoja katika makisio ya wilaya na kuutetea mbele ya madiwani.

Na mwalimu ana nafasi yake. Wakati wa HASHI zilikuwapo shule zilizokuwa na ngitili zao. Shule yenye eneo la wazi nyuma ya madarasa yanaweza kufunga robo hekta tu, wanafunzi wakahesabu visiki mwanzoni mwa mwaka, wakapima urefu wa machipukizi kila muhula, na kuandika katika daftari. Watajifunza hesabu, sayansi na uraia kwa pamoja, na baada ya miaka mitano jiko la shule litapata kuni bila kumtuma mtoto porini. Siku Mkuu wa Wilaya atakapofika shuleni hapo kupanda mche wa kumbukumbu, mwalimu amkaribishe kwa heshima zote, ampe jembe, na baadaye amwonyeshe daftari hilo.